Mluzi Chini ya Ngazi

Siku tuliyomaliza mtihani wa mwisho wa chuo, wenzangu walimwagiana maji, wakapiga picha, wakakumbatiana na kulia utadhani wanapelekwa vitani. Mimi sikuwa na muda huo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la fotokopi la dada yake Dira, kwa sababu nyuma ya ile mashine kubwa palibandikwa ramani ya dunia, na juu ya ramani hiyo tulikuwa tumechora kwa kalamu nyekundu mwaka mzima wa maisha yetu.

Dira ni rafiki yangu. Jina hilo alipewa wiki ya kwanza ya chuo, alipotafuta ukumbi wa mihadhara akaishia jikoni, akakaa kwenye benchi hadi saa ya chakula akidhani mhadhiri kachelewa. Huyo ndiye niliyekubali kuzunguka naye nchi za watu. Tulikuwa tunadunduliza tangu mwaka wa pili, mimi kwa kufundisha tuisheni watoto wasiopenda hesabu, yeye kwa kusahihisha tasnifu za watu wasiopenda kusoma. Pesa tuliyopata wengine huimaliza kwenye harusi ya wikendi moja. Sisi tulitaka itupeleke mwaka.

Kwa hiyo tulipanga kibahili. Mabasi ya usiku, ili tusilipie kitanda. Hosteli za kulala watu kumi chumba kimoja. Shamba la zabibu ambako ukivuna unapewa chakula na godoro. Begi moja kila mtu, na liwe jepesi kiasi cha kukimbia nalo treni ikianza kuondoka. Tuligombana sana kuhusu sufuria. Dira alitaka tubebe moja ndogo ili tujipikie, nami nikamwambia sikusoma miaka yote hiyo nije kuvuka mipaka na sufuria kama mpishi aliyefukuzwa kazi. Alishinda yeye, na sufuria ikaingia mpangoni.

Kilichobaki ni tiketi ya ndege ya kututoa tu, mengine yangekuwa basi na treni. Bei ya punguzo ilikuwa inaisha Ijumaa.

"Umeshamwambia Bibi?" Dira aliniuliza.

"Nitamwambia."

"Ndivyo ulivyosema mwezi uliopita."

"Na leo nasema tena. Una shida gani wewe?"

"Shida yangu ni kwamba usipokwenda, mimi nitapotelea uwanja wa ndege. Tena huu wa hapa hapa."

Hapo hakutia chumvi hata kidogo.

Bibi ni mama yake mama yangu. Alikuwa dobi wa hoteli tangu usichana wake, na kusimama kote kule mbele ya pasi kulimharibia goti la kulia. Lilivimba hadi likapasuliwa, mwaka ule ule nilioingia chuo. Nyumba anayokaa, vyumba viwili ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti, ni ya Mjomba, ambaye anauza vigae na hajawahi kuona chumba kitupu akakosa kukipigia hesabu ya kodi. Kile cha pili alikuwa tayari na mpangaji wake. Lakini mama yake hawezi ngazi, na mama yangu ameolewa mbali na ana wadogo zangu wa kulea, basi Mjomba akakubali nikae mimi, bure, kwa sharti moja.

"Wewe ndiye miguu ya Bibi yako," aliniambia. "Siku akipona, tutazungumza upya."

Nikawa miguu. Nilipandisha maji bomba likikauka, nilifua, nilimshika mkono hadi kliniki na kumrudisha tukipumzika kila kona ya ngazi, na kila jioni nilimchua goti kwa dawa inayonuka hadi kwenye ndoto. Sijisifu. Au niseme najisifu kidogo, kwa sababu jengo zima lilinisifu, nami nilizipokea sifa hizo kwa mikono miwili.

Na kila nikirudi nilipiga mluzi chini ya ngazi. Hiyo ilikuwa amri yake.

"Piga mluzi, mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyoniita, nami namwita mke wangu. "Nisishtuke mtu akifungua mlango. Moyo wangu si wa juzi."

Nilipofika juu nilikuwa namkuta kitini karibu na dirisha, mguu juu ya kigoda, mkongojo mapajani, uso umekunjamana. "Pole na masomo, mume wangu. Leo mguu umeamka vibaya." Basi mimi huyo, natafuta dawa ya kuchua.

Sasa mtu kama huyo unamwambiaje unakwenda kuvuna zabibu?

Nilijaribu. Jumatatu ile nilisafisha koo nikasema, "Bibi, hivi mimi nikisafiri kidogo..."

"Safari ni nzuri kwa kijana," alidakia haraka. "Wapi?"

"Nje."

"Nje ya mlango au nje ya nchi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, macho yakaniangukia kwenye goti. Kovu lake lilikuwa linang'aa kwa mafuta niliyopaka mwenyewe. "Ah, nawaza tu," nikasema, nikamshika mguu nikaanza kuchua. Bibi alivuta pumzi ndefu akatazama dari. Nilijua ni maumivu.

Usiku huo nilikuwa na hasira, jamani, si na Bibi, ila na goti. Lilikuwa limenishika mimi kuliko lilivyomshika yeye. Halafu nilijiona mtu mbaya kwa kulichukia goti la mgonjwa, nikahuzunika. Nilimpenda Bibi na nilitaka kwenda, na sikuona namna ya kuyafanya yote mawili. Kufikia Jumatano nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia Dira aende peke yake na sufuria yake.

Alhamisi mchana Dira alinipigia simu kuwa amepata begi la mtumba, la kijani, zipu zote nzima. Nililichukua kwa aibu tu, na kwa kuwa dada yake alishakataa duka lake ligeuzwe stoo, ilibidi nilifiche chini ya kitanda changu. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nihamie pale. Nilipanda ngazi kwa kunyata, begi mgongoni, bila kupiga mluzi.

Nilifungua mlango polepole kama mwizi. Kiti kilikuwa kitupu.

Nikaita. Kimya. Nikatazama jikoni, bafuni, chumbani kwake, hata chini ya kitanda, sijui nilitegemea mtu mzima afanye nini huko. Mkongojo wake ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mtu hawezi hatua tatu bila mkongojo, na mkongojo uko hapa. Kaanguka wapi? Kabebwa na nani? Nilishuka ngazi mbio, begi likinipiga mgongoni, nikifikiria nitamwambia nini Mjomba, nitamwambia nini mama.

Pale chini, mlangoni pa saluni yake, msusi alikuwa anamsuka mteja, vibanio vimemjaa mdomoni.

"Umemwona Bibi?" nilimuuliza. "Hayuko ndani! Hayuko!"

Alivitema vibanio mkononi. Hakunishangaa mimi, alishangaa jambo lingine.

"Mbona leo hujapiga mluzi?"

Kabla sijamuuliza hilo linahusiana na nini, mlango wa mtaani ulifunguliwa, akaingia Bibi. Kichwani kikapu cha viazi, hakukishika hata kwa mkono. Mkononi mfuko wa vitunguu. Alikuja akiimba kwa chini, akapanda ngazi za kwanza kwa mwendo wa mtu aliyeacha chungu jikoni, ndipo akainua macho akaniona.

Tulitazamana.

"Begi la nani hilo?" akauliza.

"Kikapu cha nani hicho?"

"Nimeanza mimi kuuliza."

Halafu ni kama alikumbuka kitu. Uso ukakunjamana, mkono ukashika goti, akaanza kuchechemea kwa uchungu mkubwa. Mguu wa kushoto.

"Bibi," nikasema, "unaoumwa ni wa kulia."

Msusi aliangua kicheko hadi vibanio vikamwagika vyote sakafuni. Mteja naye alicheka, kichwa nusu kimesukwa. Kumbe jengo zima lilijua. Mwenye duka la mtaani alijua, wapangaji walijua, watoto wanaocheza kwenye ngazi walijua. Niliuvaa mkenge peke yangu, mimi na Mjomba.

Tulipofika juu nilikuwa nimefura. Bibi aliweka maji ya chai jikoni akijigeuza huku na huku kama msichana, na kila alivyojigeuza ndivyo nilivyozidi kuwaka.

"Tangu lini?"

"Lini nini?"

"Bibi!"

"Tangu mwaka wako wa kwanza haujaisha."

"Nimekuchua goti hilo kila jioni!"

"Na unachua vizuri sana, mume wangu. Sitasema uongo."

"Na daktari je?"

"Daktari mwenyewe alikuwa ananiuliza, huyu mtoto anamaliza lini?"

Nilikaa kwenye kiti chake, mguu wangu nikauweka juu ya kigoda bila kujua. Yeye akabaki wima, kikombe mkononi, na alipoongea tena hakuwa anatania.

"Mjomba wako alisema nini siku uliyokuja? Nikipona, mtazungumza upya. Mimi ndiye niliyemzaa, namjua. Chumba kingepangishwa mwezi ule ule. Wewe ungelala kwenye stoo yake, unapakia vigae mchana kutwa, vitabu unavifungua umeshachoka. Ungemaliza lini? Basi nikasema, goti hili halitapona hadi huyu amalize."

Hasira ilikuwa bado ipo kinywani lakini haikuwa na pa kwenda.

"Sasa umemaliza," akaendelea, "nikajua utaaga. Wewe huagi! Kila jioni nasikia unasafisha koo, nasema leo, leo ananiambia. Halafu unanishika mguu. Nimechoka kuchechemea, mwanangu. Nikisikia mluzi, mbio kitini. Niko katikati ya kufua, mbio kitini. Siku moja nusura nivunjike mguu wa kweli."

"Nilidhani unanihitaji."

"Nakuhitaji," alisema. "Lakini si kwa viazi."

Nilianza kucheka, nikashindwa kuacha. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na sehemu ya machozi yale haikuwa ya kicheko. Sijawahi kuhisi nafuu ya namna ile, hata siku ya mtihani wa mwisho. Nilikuwa nimebeba mzigo miezi na miezi, na mwenzangu naye chumba cha pili amebeba wake, kila mmoja akimhurumia mwenziwe. Nilimweleza yote, mabasi ya usiku, treni, zabibu. Alisikiliza akimenya viazi, akauliza hosteli hizo shuka wanabadilisha lini, maana yeye shuka ndiyo taaluma yake. Nilipofika kwenye sufuria alipiga paja.

"Mnabeba sufuria? Hapo mmefanya la maana. Huyo Dira ana akili."

Nilimpigia Dira simu hapo hapo. "Kata tiketi."

"Umemwambia?"

"Kata tiketi, nitakuhadithia kwenye ndege."

Jumapili Mjomba alipokuja, Bibi alimfungulia mlango mwenyewe.

"Mama! Umesimama!"

"Nimepona."

"Lini?"

"Juzi."

Mjomba alinitazama kwa macho ya shukrani, akanipa mkono, akaniambia mimi si mchezo. Nilimeza mate nikasema asante. Kisha, kama tulivyotarajia, akageukia mlango wa chumba changu, nikaona hesabu zinaanza kumpita usoni.

"Basi mpwa wangu akiondoka nitatafuta mpangaji."

"Tafuta," alisema Bibi. "Wa mwaka mmoja tu."

"Kwa nini mmoja?"

"Uzee huujui wewe. Goti la kushoto nalo nimeanza kulisikia kwa mbali."

Niliinamisha uso nikatazama vigae vya sakafu. Mdogo wangu wa kike anamaliza sekondari mwakani, na ameshasema anataka kusoma chuo cha hapa.

Siku ya safari Mjomba alikuja kunipeleka uwanja wa ndege, akabaki garini. Sufuria ilikuwa ndani ya begi, imejazwa soksi, na nguo zote zilikunjwa na Bibi hadi nikabakiwa na nafasi nisiyojua niijaze nini. Alisema atanisindikiza hadi chini. Mlangoni nilimpa mkono, mazoea tu, naye akaushika, mazoea tu, na hakuna aliyeuachia. Tulishuka polepole, ngazi moja moja, tukipumzika kila kona kama zamani. Mguu wake ulikuwa mzima kabisa. Bado aliniegemea kwa uzito wake wote, nami nikamshika.

Msusi alitupungia. Mjomba akapiga honi. Kwenye ngazi ya mwisho Bibi aliniachia mkono, akaninyoosha ukosi wa shati.

"Haya, mume wangu. Nenda ukaone," alisema. "Na siku ukirudi, usipige mluzi. Nishtue."