Begi la Kwenda Mwisho

...na simu imeshamuunguza sikio, kaka mtu bado anasema, "Dada, uko wapi hasa?", amwambie nini, yuko kwenye basi lililozima injini kwa sababu mbele hakuna barabara, kuna bahari, barabara ya huku ni mchanga mtupu na hupitika maji yakipwa tu, kwa hiyo dereva kavua viatu, kalalia usukani, anangoja, abiria nao wanangoja, wale mabinti wawili watalii wa kiti cha nyuma, pua zimebabuka kwa jua, mabegi yao makubwa kuliko wao, wanacheka tu, hakuna aliyewauliza wanakwenda kuzika nani... "Wifi yako atajifungua wakati wowote," kaka anasema, "watoto watabaki na nani?", na huko nje kondakta katoa mizigo yote anaipanga upya, ya wanaokwenda mwisho inaingia kwanza, ndani kabisa ya buti, ya wanaoshuka karibu inakaa mlangoni, ila begi lake, lile la kijani la mtumba, kaliweka pembeni, karibu na basi jingine linalorudi mjini, nani kamtuma, "Wewe! Hilo langu!", naye anainua uso bila haya, "Nilijua unarudi, shangazi, kule mwisho hakuna msiba wala harusi," ...msiba wala harusi, ehe, hapo kasema kweli bila kujua, maana lini yeye alipanda basi pasipo sufuria mapajani, kwenda kupika harusini, kukesha msibani, kumwogesha aliyejifungua, kumlea kifungua mimba wa huyu huyu kaka, kisha mama akaugua, naye akalala kwenye mkeka miguuni pa kitanda mpaka siku mama alipomshika mkono akauachia, na vitu vya marehemu vilipogawanywa wengine wakachukua kabati na cherehani, yeye akapewa chupa ya chai, eti ndiye aliyeizoea, loo, chupa ya chai! Aliiacha pale pale mezani akaenda kununua begi... "Utu uzima dawa, dada," ndiyo, dawa, wameinywa mpaka chupa imekauka na bado wanaitikisa, "ni miezi michache tu," mzigo wa mwenzio kanda la usufi, kaka anauona mwepesi kwa sababu haujawahi kumkaa begani, na yeye anampenda, hilo ndilo linalomuuma, anampenda na watoto wake anawapenda, lakini kupenda si lazima kuwe jikoni kila siku, wala kule mwisho hajui kuna nini, labda ufuko na upepo tu, basi ataukalia huo upepo, nani atamwuliza... "Dada? Unanisikia?"

"Nakusikia, kaka. Watoto wana baba."

Hajuti hata chembe, salamu kwa wifi, ajifungue salama, anakata simu, anatoa kichwa dirishani.

"Kondakta! Liweke ndani kabisa."

"Kule hakuna mtu wako, shangazi."

"Nitakuwapo mimi."

Kondakta anaguna, analibeba. Mabinti wa nyuma wanampitishia dada mtu biskuti. Maji bado yamefunika barabara, dereva bado anapiga miayo, naye anavua viatu, anapandisha miguu kitini, anangoja.