Flash Mbili Nyeusi

Mimi mtu akiniambia "soma kwanza" huwa napandwa na hasira. Miaka kumi na nne nafungua kompyuta za watu, nisome nini tena?

Shemeji, mjane wa kaka yangu, aliniletea dukani laptopu ya marehemu. Ilikuwa imechoka, Windows inachukua robo saa kuwaka. Humo kaka alijirekodi sauti mara kumi na moja akiwa wodini, zote za kumwachia mkewe. Hazikuwa kwingine kokote.

"Nitakuwekea Linux badala ya Windows, itakimbia," nikamwambia. "Sauti nazitoa kwanza. Ondoa shaka, shemeji."

"Nakuamini, fundi wangu," akasema, akaenda kazini.

Na kweli nilizitoa, nikazinakili kwenye flash nyeusi. Linux nikaiandika kwenye flash nyingine nyeusi, maana nilizinunua pamoja, na kubandika karatasi za majina nilikuwa naona ni mambo ya wanagenzi. Nikachomeka hiyo ya Linux kwenye laptopu, nikawasha. Skrini ikaandika kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Nikabadilisha mipangilio, nikawasha tena. Maneno yale yale! Nikaichomoa, nikaitupa mezani ilipokuwa ile nyingine, nikaenda kunawa uso. Niliporudi nikaokota flash ili niiandike Linux upya. Kompyuta ya dukani ikauliza kama ifute kila kilichomo. Nikabonyeza ndiyo bila kusoma.

Safari hii laptopu ikawaka. Nikapiga makofi peke yangu kama mwehu. Nikafuta diski yote ya laptopu, nikaweka Linux, na ikakimbia kweli. Ndipo nikachomeka flash ya pili nirudishe sauti. Ndani yake nikakuta Linux ile iliyogoma. Flash niliyoifuta ndiyo iliyokuwa na sauti za kaka.

Nikakaa sakafuni. Siku mbili nilijaribu kila programu ya kufufua mafaili ninayoijua. Wapi!

Shemeji alipokuja nilimweleza bila kuzunguka. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

"Sikuwahi kusikiliza hata moja," akasema. "Nilikuwa nasubiri nipate moyo."

Nililia, mtu mzima mimi. Akangoja nimalize.

"Wewe hukusikia chochote?"

"Moja tu, nilipokuwa naangalia kama inafunguka. Akasema, 'Mke wangu,' nikaifunga haraka. Hayakuwa maneno yangu."

"Alisemaje? Sema kama alivyosema."

Nikasafisha koo, nikasema. Akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo," akasema. "Yeye hakuwa na haraka. Hebu rudia."