Tuta Lililovuka Mkonge

Baba mkwe alipofariki, wanawe watano waligawana mlima kwa vipande virefu na vyembamba, kuanzia kileleni hadi ukingo wa bonde. Hivyo ndivyo tunavyorithi huku Kipatimu: kila mtoto apate juu pa kupanda michungwa na katikati pa mahindi. Bonde la mpunga likabaki la ukoo mzima. Haki ilitendeka, ila hakuna aliyefikiria mvua. Kipande chenye upana wa hatua kumi na mbili hakilimiki kwa kukata mteremko, utageuka na jembe mpaka upate kizunguzungu. Basi wote tukalima matuta ya kushuka, na kila mwaka tukayatengenezea maji barabara kwa mikono yetu wenyewe.

Mimi ni Fortunata, mjane wa Augustine, mtoto wa tatu kati ya hao watano. Kipande chake nimebaki nacho mimi, na kimepakana na cha shemeji yangu Dominick. Mlima pale umeinama upande, kwa hiyo maji ya Dominick huvuka mpaka wa mkonge, yakaingia kwangu, yakachukua udongo wangu mwekundu na kwenda kuumwaga bondeni. Miaka miwili mfululizo mpunga ulifukiwa na mchanga. Lawama zote zikanijia mimi, kwa kuwa udongo ulitoka kwangu. Aliyeleta maji hakuulizwa.

Baba mdogo Lukas, mkubwa wa ukoo, aliitisha kikao akatoa uamuzi: mvua zijazo zikileta mchanga tena, kipande kirudi kwa ukoo na mimi nitafutiwe mahali pengine. Nina miaka hamsini na mmoja. Hapo mahali pengine ni kwetu nilikozaliwa, na huko hakuna anayenisubiri.

Nilimfuata bibi shamba, binti mmoja anaitwa Zakia, mpole wa kusema lakini mkali wa kazi. Alifunga fito tatu kwa umbo la herufi A, akaning'iniza jiwe kwa uzi katikati, akanionyesha jinsi ya kutafuta usawa wa ardhi hatua kwa hatua. Unachimba mtaro kufuata usawa huo, udongo unautupa upande wa chini uwe tuta, na juu ya tuta unapanda mabingobingo, nyasi ndefu ambazo mizizi yake hushika udongo. Alichomeka vijiti hadi kwenye mkonge, akasema mtaro lazima uanzie kwa Dominick, upite kwangu, utokee kwenye korongo la mawe ambako maji hayana cha kuharibu. Mimi mbishi. Nilichimba kwangu tu. Mvua ya kwanza, tena ndogo, ikapasua tuta langu katikati. Bahati mchanga haukufika bondeni.

Nikaenda kwa Dominick kuomba njia. Alinipa machungwa, akanitania kwamba naota ndevu kwa kazi za kiume, kisha akakataa. Mkonge ule aliupanda marehemu baba yake kabla mlima haujagawanywa, hakuna wa kuukata. Nilimjibu kwamba marehemu alipanda mkonge, hakupanda kiburi. Shemeji huambiwa lolote. Alicheka, lakini hakubadilika.

Usiku sikulala kwa hasira, na asubuhi nikamkumbuka Majid. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu ni watani tangu enzi za mababu. Tukifiwa, wao ndio huchimba kaburi, humkejeli marehemu na kubeba kuku mbele ya macho yetu, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Nilimweleza kila kitu. Aliniuliza swali moja tu, jembe lipige wapi.

Jumamosi alikuja na ndugu zake sita. Waliufyeka mkonge pale Zakia alipochomeka vijiti, huku wakitangaza kwa sauti kwamba marehemu alipanda mkonge kwa uvivu wa kupanda mti wa maana. Dominick alitoka mbio na panga mkononi. Majirani wakasogea.

"Majid, unafanya nini kwangu?"

"Nachimba kaburi la mpunga wenu," alijibu Majid bila kuinua kichwa. "Mmeuua mara mbili na hamjauzika."

Watu walivunjika mbavu. Dominick aliangalia kulia na kushoto, akakumbuka anayeongea ni nani, akakaa juu ya jiwe na panga lake mapajani. Mchana ulipofika alishika jembe, akinung'unika kwamba watani wanachimba kama wanaotafuta mhogo wa kuiba.

Januari mvua kubwa ikaja, ikanyesha kuanzia asubuhi bila kupumzika. Nilitoka na gunia kichwani, nikamkuta Dominick ameshafika. Mtaro ulijaa, maji yakalala sawasawa kutoka kwake hadi kwangu. Kisha tuta likaanza kuvuja pale nilipounga kipande cha tuta langu la zamani, kwa sababu sikukishindilia vizuri. Kosa langu, nakiri. Dominick aliruka mtaroni akaegemeza mgongo kwenye ufa huo, nami nikawa naleta madongo na majani, nashindilia kwa miguu, namtukana na kumwombea kwa wakati mmoja. Ufa ukaziba. Maji yakageuka taratibu, yakaelekea korongoni. Nikapiga vigelegele peke yangu kwenye mvua ile, sikujali nani ananisikia.

Wiki iliyofuata baba mdogo Lukas alishuka bondeni na ukoo wote nyuma yake. Alikunja suruali, akaingia kwenye mpunga, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Ukatoka na tope jeusi, mchanga hakuna. Akamgeukia Dominick, kwa kuwa ndiye jirani wa mpaka, amweleze kama bado kuna sababu ya kukirudisha kipande kile kwa ukoo.

"Baba mdogo, kipande ni cha Fortunata," alisema Dominick. "Akiondoka yeye, mimi maji yangu nitamwachia nani? Naomba anipimie na mtaro wa pili, kule juu kwenye michungwa."

Lukas akasema basi, maneno ya kunihamisha yasisikike tena. Nililia mbele yao wote na sikuona haya. Nilipomaliza nikajifuta uso, nikamwambia shemeji yangu ombi lake nimelisikia, nitalifikiria, arudi Jumamosi na jembe lake mwenyewe.