Mwandiko kwenye Fomu ya Baba

…na bado amejipulizia manukato, baba hana hata mwezi kaburini, tumekuja ofisi ya mafao saa nne asubuhi na mdogo wangu ananukia kama aliyealikwa harusini, Kidosho, jina la kudekezwa alilopewa na baba, mimi baba aliniita wewe, wewe lete maji, wewe funga dirisha, miaka minne nimemgeuza kitandani ubavu huu na ubavu huu, nimemkata kucha, na Jumapili Kidosho akipiga hodi mgonjwa anataka shati lenye kola, anakaa wima, anacheka, kikohozi alichonikoholea mimi wiki nzima sijui kimekwenda wapi… "Mama, umenielewa?" anauliza karani, nimemwelewa, ana kalamu nyuma ya sikio na amesema taratibu kama anaongea na kiziwi, fomu ni ya zamani, kiwanda cha uchapaji alichofanyia kazi baba kilishafungwa, kwa hiyo mtoto mkubwa athibitishe kama mwandiko ni wa marehemu, nikikubali mafao yote ni ya aliyeandikwa, nikikataa fomu inatupwa tunagawana nusu kwa nusu, ndiyo maana amegeuza karatasi upande wangu, na jina lililopo ni la Kidosho, peke yake, langu halipo hata pembeni, ni wivu, niseme tu, wivu wa mtu mzima mwenye mvi… "Dada, nikusomee?" ananinong'oneza, sauti ya upole ile ile inayonitia kichefuchefu, nisomee nini, wewe niliyekufuta kamasi, naona vizuri sana, naona ule mkia wa herufi ya mwisho ulivyojikunja kurudi nyuma, mwalimu wa darasa la nne alinichapa kwa ajili ya mkia huo na sikuuacha… mwandiko ni wangu. Ni wangu, na hakuna mwingine hai anayejua, nilikuwa na miaka kumi na minne, mama alikuwa amefariki wiki tatu nyuma akimzaa huyu huyu, jina la mama likabidi litolewe kwenye fomu ya mafao kazini kwa baba na kuwekwa la mtu mwingine, nafasi moja tu, baba mkono wa kulia umefungwa bandeji, mashine ya kukatia karatasi ilimnyofoa kidole, basi akanisogezea fomu pale mezani jikoni, andika wewe, akasema, tumweke nani, na kichanga kinalia mgongoni kwangu, nikajibu mweke mtoto, mimi nitajitafutia. Nilisema nikitaka akatae. Mungu anajua nilitaka akatae, aseme hapana, wewe ndiye mwanangu mkubwa, andika jina lako, nilishika kalamu nikasubiri kabisa, na baba akasema sawa, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, akaenda kulala… sawa, neno moja, miaka thelathini na sita nimemnunia mtoto kwa ajili ya neno hilo, nimehesabu kila pipi aliyopewa, kila shati lenye kola, wakati yeye siku ile kazi yake ilikuwa kulia tu, alikuwa na njaa… "Kama huna uhakika, mama, sema tu huna uhakika," anasema karani, na Kidosho anatazama chini, anavuta uzi kwenye mkono wa blauzi, haniombi kitu, hajawahi kuniomba kitu, hata hilo liliniudhi… lakini baba hakuuliza mara mbili, ndilo linalonikaa rohoni sasa, hakuuliza kwa sababu aliniamini, alinitazama akaona mtu ambaye akisema amesema, na mtu wa hivyo hahitaji kubembelezwa kwa majina, unamwambia lete maji na unajua maji yatakuja, na yakaja, miaka yote hiyo yalikuja… mwandiko si wa marehemu, naweza kumwambia karani hivyo na nisiwe nimedanganya hata chembe, nichukue nusu yangu nirudi nyumbani, na baba atakuwa amekosea kuniamini… karani ameshusha kalamu kutoka sikioni, anasubiri, nami nimeishika karatasi kwa mikono miwili.