Marehemu Yuko Kazini

Saa sita mchana, ndani ya ghala lililogeuzwa studio, mama alifunua sufuria ya supu, akakoroga, akaanza kupakua. Foleni ilikuwa ile ya kila siku: watu wa taa mbele, maana wao huwahi kila kitu, halafu washona mavazi, halafu waigizaji waliopakwa damu ya rangi mashavuni. Baada ya mshona mavazi wa mwisho alisimama mtoto wa mwisho wa mama, aliyefariki mwaka uliopita. Alivaa shati la buluu alilozikwa nalo, na alishika sahani.

"Shikamoo, mama. Nimesikia harufu ya vitunguu."

"Marahaba. Umenawa?"

"Nimenawa."

Mama alimchagulia mfupa wenye uboho, akamwongezea viazi. Mwigizaji aliyekuwa nyuma alinung'unika kwamba wengine wanapendelewa. Mama akamwambia kwamba huyu hajala tangu mwaka jana. Mwigizaji akaona ni haki.

Nyumbani walimwita Kitinda, na jina halikumtoka hata alipoota ndevu. Yeye ndiye aliyebuni gemu la kompyuta lililokuwa likigeuzwa filamu. Ndani yake mpishi anavuka nchi yenye vita, hana silaha ila mwiko, na kila lango linamfungukia akishampikia mlinzi wake. Mapishi yote Kitinda aliyatoa jikoni kwa mama yake: supu ya mifupa inayotokota tangu asubuhi, samaki wa kukaanga ambaye ngozi yake inalia chini ya jino, mkate unaomeguliwa kwa mikono ungali na mvuke. Watu walikuwa wakisimamisha vita katikati, wakaenda kufungua friji zao.

Kitinda alilimaliza gemu, kisha akafa. Alifia ofisini, kichwa juu ya meza, baada ya majuma kadhaa ya kulala kitini. Wenzake walidhani amepitiwa na usingizi. Mmoja alimfunika sweta, wakaendelea kuchapa kazi, kwa sababu tarehe ya kulitoa gemu ilikuwa imeshatangazwa. Walitambua walipotaka kumuuliza kitu. Kampuni ilisema ni moyo. Mama hakubisha. Kila anayekufa, moyo wake umesimama.

Kazi ya studio aliipata kwa mwongozaji wa filamu, mwanamke mwembamba aliyekuwa akila tufaha huku anatembea. Mwongozaji alimfuata nyumbani, akamweleza kwamba mvuke unaweza kuigizwa, lakini uso wa mtu anayetafuna kitu kitamu hauigiziki. Alitaka chakula chenyewe. Mama alikubali palepale. Tangu msiba alikuwa hatulii. Akikaa, miguu inamwasha. Akilala, anaamka kwenda kuhakikisha jiko limezimwa. Sufuria kubwa zilimfaa.

Siku hiyo ya kwanza Kitinda alikula vijiko viwili vitatu tu. Habari zilimfikia mtayarishaji kutoka kampuni ileile ya gemu, mwanamume wa simu mbili ambaye wote walimwita Bosi, naye akaja anahema.

"Mama, pole sana kwa msiba," alisema, maana mwaka uliopita alikuwa safarini. Kisha akavuta kiti upande wa pili. "Kijana wangu, umekuja wakati mzuri. Tumekwama kwenye mwisho."

Ilikuwa kweli wamekwama. Kwenye gemu, mpishi hatimaye anakutana na jenerali aliyemchomea kijiji, amechoka, ana njaa, na mchezaji ndiye anayeamua kumlisha au kumwacha. Miisho yote miwili ni mizuri. Filamu ina mmoja tu, na juu ya huo mmoja mwongozaji na Bosi walikuwa hawasalimiani vizuri.

Kitinda alisogeza sahani pembeni, akavuta kompyuta. Aliandika haraka, ulimi ukichungulia kwenye kona ya mdomo kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni. Supu ikapoa. Mafuta yalipoanza kuganda juu yake, kiti kilibaki kitupu, na sentensi kwenye kompyuta iliishia katikati ya neno.

"Ameenda wapi?" Bosi aliuliza.

"Chakula kimepoa," mama alisema.

Kesho yake Bosi alileta jiko dogo la umeme la kuweka chini ya sahani. Watu wa taa wakavuta waya. Tangu siku hiyo Kitinda alifika kila mchana, akabaki mpaka jioni, mradi supu inafuka. Walimpa meza karibu na jiko la mama. Mlinzi wa getini aliuliza kama marehemu anahitaji kitambulisho kipya, ikaamuliwa atumie kile cha zamani, kwani hakuna aliyekumbuka kukifuta.

Mwanzoni mama alijiona mwenye bahati. Wangapi wanazika mtoto halafu wanapewa kumwona kila siku, saa za kazi? Alimpikia kwa roho moja. Vitunguu alivikaanga polepole hadi vikawa na rangi ya asali, kitunguu saumu akakiponda wakati huohuo wa kukitia, viazi akaviacha viive hadi vikaanza kumeguka pembeni na kuufanya mchuzi uwe mzito. Ghala zima lilikuwa likimeza mate.

Ila Kitinda hakuwa anakula. Kijiko kilipanda hadi nusu ya njia, simu ya Bosi ikalia, kijiko kikashuka.

"Kula, mwanangu."

"Nakula, mama."

Ikifika jioni, supu iliyokuwa juu ya jiko la umeme ilishakuwa nzito kama uji, na mfupa uko vilevile, uboho haujaguswa. Mama aliimwaga, akarudi nyumbani, akazunguka jikoni kama pia. Binti yake mkubwa, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, alimwambia akae. Alikaa, akasimama.

Siku moja alipita nyuma ya meza ya Kitinda na bakuli la mikate, akatupa jicho kwenye kompyuta. Aliona sufuria imechorwa pale, na mstari mwekundu umekata juu yake.

"Hiyo ni nini?"

Kitinda alimweleza. Ndani ya gemu kuna mahali mpishi anatia mifupa kwenye sufuria, halafu hakuna la kufanya. Hakuna adui wala lango. Mchezaji anangoja supu iive, na supu inachukua muda wake. Wengi walikuwa wakiweka chini kile kidude cha kuchezea, wakajiegemeza, wakasikiliza mfuniko ukigongagonga na sauti ya mwanamke anayeimba kwa mguno chumba cha pili.

"Mwanamke gani?"

"Wewe. Nilikurekodi kwa simu nilipokuja likizo."

Mama aliweka bakuli chini. "Na sasa unanitoa?"

"Wameamua, mama. Bosi anasema mtu hawezi kununua tiketi halafu aonyeshwe sufuria. Hapo panawekwa mbwamwitu." Hakuinua macho. "Nikikataa watampa mtu mwingine, na huyo ataharibu zaidi."

Aliendelea kuandika mbwamwitu. Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kikigongagonga sakafu.

Mama alimkuta Bosi nje, anaongea na simu moja na kuandika kwenye nyingine. Alimngoja amalize. Hakumaliza, kwa hiyo akaanza tu.

"Mwanangu alifia mezani kwenu."

Bosi alishusha simu zote mbili. "Mama, hata sisi tuliumia. Lile gemu tulilitoa kwa heshima yake."

"Basi mwacheni ale."

"Nani kamkataza? Chakula si kiko mbele yake?"

"Hana muda."

"Mama yangu," Bosi alisema kwa upole, na alikuwa anasema kweli, "hapa nani ana muda?" Macho yake yalikuwa mekundu. Mfukoni mwa koti lake kilichungulia kipande cha mkate wa mama, kimeng'atwa mara moja, kimekauka.

Jioni hiyo binti yake alizima cherehani. "Acha kupika," alisema. "Wewe ndiye unayempeleka kazini."

Mama alijua ni hivyo. Asubuhi alituma taarifa kwamba anaumwa. Watu wa studio walikula mkate mkavu na matunda, wakasema maneno, na Kitinda hakuja. Bosi alileta mpishi wa hoteli, mwenye kofia ndefu, akapika supu nzuri isiyo na kosa. Kiti kilibaki kitupu. Kule nyumbani mama alipanga vikombe, akavipangua. Alifua mapazia masafi. Alisimama dirishani, akasahau alichokuja kutazama. Alikuwa amempa mwanawe mapumziko, na kila saa iliyopita ilimkereketa kama mchanga kwenye kiatu.

Siku ya mapumziko ya studio uvumilivu ulimwishia. Aliteleka mifupa alfajiri. Hakumwambia mtu, ila aliacha madirisha wazi alipokaanga vitunguu.

Kitinda aliingia kwa mlango wa jikoni. Dada yake alikuwa ameshakaa mezani, akasogea kumpisha.

"Umekonda," alimwambia.

"Nimekufa."

"Hata hivyo."

Hapakuwa na kompyuta wala simu. Kitinda alimega mkate, akauchovya, akala kipande cha kwanza amefumba macho. Kisha akala kweli. Alikula viazi, akakwangua vitunguu vilivyoshika ukingoni mwa bakuli, akashika mfupa kwa mikono miwili na kuunyonya kwa kelele ambayo utotoni ilikuwa ikimletea kofi. Uboho ulimtelezea kidevuni. Dada yake alicheka, naye akachukua mfupa, akanyonya kwa kelele zaidi. Mama alimpakulia Kitinda mara ya pili. Mwishowe na yeye akaketi, akajipakulia, akagundua kwamba kwa mwaka mzima alikuwa anaonja tu, hajala. Supu ilikuwa na utamu uliokwenda hadi kwenye magoti. Kwa muda mama hakuwa na haja ya kusimama.

Kisha alihisi meza ikitetemeka. Akainama kutazama. Ulikuwa mguu wa Kitinda.

"Mbwamwitu hawajaisha," Kitinda alisema. "Nimewaacha mlangoni. Yule mwigizaji atasimama pale hajui akimbilie wapi."

"Umekufa, mwanangu."

"Najua, mama."

"Sasa haraka ya nini?"

Kitinda aliufikiria ule mguu, akaukandamiza kwa kiganja. Haukutulia. "Sijui. Nilidhani utaacha wenyewe." Alimtazama mama kwa macho yaleyale ya kuomba ruhusa ya kwenda kucheza. "Kesho upike kule. Nimalize tu."

"Ukimaliza utalala?"

"Nikimaliza nitalala."

Dada yake alianza kukusanya sahani kwa kishindo. Supu iliyobaki bakulini ilipoa taratibu, na walimtazama mpaka kiti kikabaki kiti.

Asubuhi mama alirudi studio. Mpishi wa hoteli alimpisha, akaomba abaki kujifunza vile vitunguu. Kitinda aliwamaliza mbwamwitu, akamaliza na mwisho: jenerali halishwi. Anachomwa kwa mwiko uliochongwa ncha. Bosi na mwongozaji walishikana mikono, wakapigwa picha. Siku hiyo Kitinda aliaga kwa kumbusu mama kwenye paji la uso, na midomo yake ilikuwa ya uvuguvugu kama chai iliyosahaulika.

Filamu ilipoonyeshwa, mama na binti yake walipewa viti vya mbele. Watu walipiga mayowe mbwamwitu walipotokea, wakasimama jenerali alipoanguka. Walitoka wakiwa na furaha. Hakuna aliyetoka na njaa.

Filamu iliingiza watu wengi kuliko gemu, na kabla mvua hazijaanza Bosi alitangaza ya pili. Alimwomba mama arudi, na mama alikuwa nyumbani akizunguka meza, kwa hiyo akaenda. Alijiambia kwamba anakwenda kupikia walio hai. Hata hivyo alinunua mifupa yenye uboho.

Saa sita Kitinda alikuwa kwenye foleni, nyuma ya watu wa taa. Alikwepa macho ya mama. Nyuma yake alikuwepo mwanamume ambaye mama hakumjua, amevaa mkanda wa mafundi wa jukwaani. Alisema alianguka kutoka juu ya dari kwenye filamu ya kampuni nyingine, akasikia huku kuna chakula. Nyuma ya huyo walikuwepo wengine: mchoraji aliyelala kwenye usukani akirudi nyumbani, wasichana wa kupokea simu, mzee wa kubandika sauti ambaye bado alikuwa na vifaa masikioni. Walisimama kwa adabu, sahani mkononi. Walio hai walisogea kuwapa nafasi.

Bosi alipoona foleni imefika hadi getini, aliita watu wa taa waongeze majiko ya umeme, akaanza kupita akiuliza nani anajua kuandika.

Mama alipakua. Alipofika kwa msichana mmoja wa kupokea simu, mwembamba, nywele zimefungwa kwa kalamu, alishikilia sahani wala hakuiachia.

"Mama yako yuko wapi, mwanangu?"

"Yuko nyumbani. Hajui kama niko huku."

"Na anapika?"

"Anapika vizuri sana," msichana alisema. "Ila kwetu ni mbali, na hapa wananingoja."

Waliivuta ile sahani kidogo, huyu huku na yule kule, mchuzi ukamwagikia vidole vyao. Halafu Bosi aliita, na mama akaachia. Msichana alikwenda mezani, akaiweka sahani juu ya jiko la umeme, akavuta kompyuta.

Sufuria ilikuwa imefika chini, na foleni ilikuwa bado ndefu. Mama alijifuta mikono, akamwambia mpishi wa hoteli alete vitunguu, akawasha jiko la pili.