Filamu ya Fundi Saa

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuiona filamu ya fundi saa, ingawa baba ndiye aliyeionyesha mji mzima. Alikuwa mwendesha mitambo katika ukumbi wa sinema. Mwaka filamu hiyo ilipofika, foleni ilizunguka jengo, na watu walirudi kuitazama mpaka wakaweza kuyasema maneno ya waigizaji ambao lugha yao hawakuijua. Mama hakuiona kwa sababu presha ya macho ilimpofusha tangu usichana wake, kabla hajakutana na baba. Mimi na kaka hatukuiona kwa sababu tulikuwa nayo tayari. Umeme ukikatika, baba alitusimulia gizani, mama akiwa amemwegemea begani. Sikuona haja ya kwenda kutazama kitu nilichokijua mwanzo hadi mwisho.

Kwa mujibu wa baba, fundi saa anamficha mwanamke anayetafutwa na polisi. Anamweka darini, juu ya duka lake, na kila jioni anampandishia chakula kwa ngazi nyembamba. Polisi wanakuja, wanapekua, wanaondoka. Mwishowe fundi saa na mwanamke wanaonekana kituo cha gari moshi, na mwanamke anaegemeza kichwa dirishani. Mama alipapenda hapo. Akiwa na furaha alimwita baba "fundi saa wangu".

Mtaani jina hilo lilikuwa tusi. Mtoto aliyewachongea wenzake kwa mwalimu aliitwa fundi saa. Mfanyakazi aliyepeleka maneno kwa bosi, naye fundi saa. Kaka alirudi siku moja shati limechanwa, kwa kujigamba uwanjani kwamba baba yetu ndiye fundi saa halisi. Baba alimpaka dawa, akasema watu wa mtaa huu hawajui kutazama sinema. Tukamwamini. Nani angemfundisha baba habari za sinema?

Sasa baba amepata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vimelala, na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja: "ndiyo". Ukimwuliza kama anataka maji, ni ndiyo. Kama hataki, ni ndiyo. Kaka, ambaye ni fundi wa majokofu na hajui kukaa kimya penye huzuni, alimwuliza, "Mzee, wewe ni tembo?" Baba akamtazama kwa heshima zote, akasema, "Ndiyo," kisha akalia. Daktari alitueleza kwamba hata kilio hicho tusikisome sana. Ubongo ulioumia hulia na kucheka bila sababu. Alitueleza pia kwamba kiharusi cha pili huja mara nyingi, na kwa hali yake hakitamwacha hai.

Mimi nafanya kazi maabara. Kipimo kinachotoa jibu lile lile kwa kila sampuli tunakitupa.

Mama alinishika mkono jikoni siku tuliyomrudisha baba kutoka hospitali.

"Mwanangu, nitafutieni ile filamu."

"Ya nini sasa, Mama? Baba hawezi kusimulia."

"Sijasema asimulie. Nataka iwekwe mbele yake." Alishusha sauti. "Fundi saa anamuuza yule mwanamke kwa polisi. Anawapigia simu yeye mwenyewe."

Nilimwuliza amelijua lini.

"Wiki ile ile ilipoanza. Umesahau nilikuwa opereta wa simu? Unadhani mji ukitoka sinema unazungumza nini kesho yake? Nilikuwa nikiunganisha simu nasikia, 'Umeona alivyomuuza?' Nikarudi nyumbani, baba yenu akanisimulia wamepanda gari moshi pamoja."

"Na bado ukamwita fundi saa wangu?"

"Nilimtega. Nilitaka nione kama atashtuka. Akacheka. Mpaka leo sijui alichekea nini. Kama hakujua, si neno, nimeolewa na mtu asiyetazama mbele yake, wako wengi. Lakini kama alijua, basi miaka yote hii alikuwa ananitungia filamu yangu peke yangu. Nilisema nitamuuliza tukizeeka." Aliuachia mkono wangu. "Nataka kujua kabla hajaenda. Hicho tu."

Nilifikiri kama ninavyofikiri kazini. Maswali hayafai, kwa kuwa jibu ni moja. Uso, hata hivyo, bado ulikuwa wake. Ikiwa hakulijua lile tukio, atakapoliona atashangaa. Ikiwa alilijua, hatashangaa, au atamtazama mama. Mtu mmoja asimulie, mwingine amwangalie baba. Jambo lilionekana rahisi.

Kaka aliileta filamu kwenye flashi, akaichomeka kwenye televisheni juu ya kabati, mkabala na kitanda.

"Nimeipata nzima, tena bure," alisema. "Mzee huyu alikuwa akiwatoa watu kwa tochi wakipenyea mlango wa nyuma. Leo mwanawe kaiba sinema yote."

"Ndiyo," alisema baba.

"Umesikia? Amenisamehe."

Tulimwegemeza kwa mito. Mama alikaa upande wa mkono wake mzima. Mimi nilisimulia.

"Duka. Saa nyingi ukutani. Mwanamume mezani, ameweka lenzi jichoni."

"Yukoje?"

"Mwembamba. Kipara kinaanza."

"Baba yako alisema ana nywele."

"Mama, hana."

"Dada," kaka alisema, "usisimulie kama unasoma majibu ya choo. Sema moyo wake unadunda."

"Moyo hauonekani."

Mama alicheka, na kwa muda chumba kilikuwa kama zamani. Mwanamke alifika na mvua. Fundi saa alimpandisha darini. Chakula kikapanda ngazi, kama tulivyosimuliwa. Polisi wakaja, wakapekua, wakaondoka. Mengine mengi, hata hivyo, hatukuwahi kuyasikia. Fundi saa alikuwa na mke mgonjwa. Mwanamke alikuwa na mchumba, kijana wa nyumba ya pili, na walizungumza kwa ishara kupitia kidirisha cha dari. Fundi saa aliwaona. Alishuka ngazi polepole, akavuka barabara, akaingia mkahawani.

Nilijua kinachofuata, nikanyamaza. Sijazoea kunyamaza mbele ya jambo lililo wazi.

Kwenye televisheni simu ya zamani ilisikika ikizungushwa namba, kidole kikivuta, kisahani kikirudi. Mama aliinua kichwa. Aliisikiliza hadi mwisho.

"Namba fupi," alisema. "Hiyo si namba ya nyumba ya mtu. Mtazameni baba yenu sasa. Yukoje?"

Mimi na kaka tuligeuka pamoja. Baba hakuwa anamtazama fundi saa. Hakuwa anamtazama mama. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kona ya juu ya televisheni, upande wa kulia, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta wa mkahawa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuka kidogo juu ya shuka.

"Semeni!"

"Anatazama kona, Mama," nilisema.

Nilidhani ni macho. Kiharusi cha upande wake huweza kuondoa nusu ya kuona, lakini nusu hiyo ingekuwa ya kulia, na yeye alikuwa akitazama kulia. Nilipitisha kidole, akakifuata vizuri, kisha akarudi konani. Kaka ndiye aliyeelewa. Utotoni aliruhusiwa kukaa kwenye chumba cha mitambo.

"Anasubiri alama," alisema, na hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Filamu zilikuja vipande vipande, kila kipande kopo lake, na mashine zilikuwa mbili. Kipande kikikaribia kuisha, kidoa kinawaka pale konani, unawasha mashine ya pili. Kidoa kingine, unahama. Ukikikosa, watu wanaona kitambaa cheupe, wanapiga miluzi. Kwa hiyo hatazami picha. Anatazama kona. Akishahama, anageuka kurudisha nyuma kipande kilichokwisha, na mle ndani mashine zinanguruma, husikii hata jina lako."

"Basi aliona mwanzo na mwisho wa kila kipande tu," nilisema. "Ngazi, polisi wakiondoka, gari moshi. Katikati akajaza mwenyewe."

Kwa sekunde chache niliridhika, kama mtu anavyoridhika hesabu inapokubali.

"Umemaliza?" mama aliuliza. "Hayo ni ya ndani ya kile chumba. Na mtaani je? Mwanao anakuja shati limechanwa, huulizi kwa nini? Masikio hayakuwa konani."

Niligeuka kumtazama baba tena.

"Rudisha," mama alimwambia kaka.

Kaka alirudisha. Fundi saa akavuka barabara tena. Nilimshika baba shavu, nikamgeuzia uso katikati. "Baba, tazama hapa, huyu mtu." Akasema ndiyo, na macho yakapanda konani. Tulirudisha tena. Kaka aliweka kiganja kuiziba ile kona ya televisheni. Baba akatazama kiganja. Nilijaribu njia nyingine. Nilimpa mkono nikamwambia abane mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana, na kabla ya swali la mama nikauliza la kujaribia: je, mimi ni mama yako? Akabana mara moja, kwa upendo wote. Nikauondoa mkono wangu.

"Mbona umeacha?" mama aliuliza.

"Haitatuambia kitu, Mama."

"Niachie mimi." Aliinama sikioni mwake. "Baba watoto. Ulijua kwamba alimuuza?"

"Ndiyo."

Mama alishusha pumzi. Nilimwona anaanza kutabasamu, na nilimwona anajizuia, kwa sababu hakuwa mjinga.

"Hukujua?"

"Ndiyo."

Baba alianza kulia. Mama alisikia.

"Analia kwa sababu ya nini? Ya simu? Yangu mimi?"

Ningeweza kumpa lolote kati ya hayo mawili. Kaka alinitazama, anataka nimpe. Nilisema, "Alilia pia alipoulizwa kama ni tembo."

Kisha mama akasema filamu iachwe iende, na nikaendelea kusimulia kwa kuwa hakuna kazi nyingine niliyoweza kufanya. Polisi walipanda ngazi. Mwanamke alishushwa. Kituoni fundi saa alikuwepo kweli, amesimama nyuma ya nguzo. Mwanamke alikuwa ndani ya behewa, kati ya askari wawili, ameegemeza kichwa dirishani. Sikujua kama mama ananisikiliza. Alikuwa ameukamata ule mkono mzima kwa mikono yake miwili, na mkono ulikuwa ukivutana naye.

"Anataka nini?" aliuliza. "Mbona anahangaika?"

"Anataka kuhamia mashine nyingine," kaka alisema.

"Mwambie hakuna nyingine."

Kaka alimwambia.

"Ndiyo," alisema baba, na mkono ukavuta tena.