Taaka na Mkwewe Wapanda Jiwe la Tororo

Tangu usichana wake Taaka alitamani kulipanda Jiwe la Tororo, jabali kubwa alilokuwa akiliona kwa mbali kila alipokwenda kulima shambani Sikuda. Basi mwaka 1964 binti yake, Norah, alipokuja kumwambia kwamba mumewe, Phanuel, amenunua Morris kuukuu na Jumamosi atawapeleka matembezini huko, mama alipiga vigelegele. Mara akakumbuka jambo.

"Niketi na mkwe wangu ndani ya kijigari kile? Aka!"

Kwa Wasamia, mama na mume wa bintiye hawakaribiani. Hata mkono hawapeani. Lakini Norah hakukubali safari ivunjike. Alitundika shuka katikati ya gari: yeye na Phanuel mbele, mama nyuma. Taaka akatoa kichwa dirishani, akawapungia mkono hata watu asiowajua.

Mvua ilikuwa imenyesha. Walipofika bondeni, gari likazama topeni. Phanuel akashuka kusukuma, wapi! Norah alikuwa na mimba ya miezi saba. Taaka akatazama barabara, huku na huku, hapana mtu. Akajifunga leso kiunoni.

"Norah, shika usukani. Mkwe, sogea huko."

"Mama, haifai!" Phanuel akasema.

"Kulala hapa ndiko kunafaa?"

Wakasukuma bega kwa bega. Gari likachomoka ghafla, nao wakaanguka kifudifudi. Phanuel hakuthubutu kuinua uso. Taaka alipomwona tope limemjaa mpaka masikioni, aliangua kicheko, akashika mbavu, na Phanuel naye akashindwa kujizuia. Huko mbele Norah, asiyejua gari husimamishwaje, alikwenda akipiga honi na mayowe, mpaka lilipozimika lenyewe kwenye mwinuko. Shuka likashushwa, wakajipangusia.

Walipofika Tororo, Norah alibaki chini kivulini. Wawili wale wakapanda. Penye mteremko mkali Phanuel alitangulia na kumnyoshea mama fimbo, naye akaishika ncha.

Kule juu upepo nusura umvue kitambaa cha kichwa. Upande mmoja mlima Masaba, bluu tupu; upande mwingine vilima vya Samia alikozaliwa. Chini mabati ya mji yalimeta, na garimoshi likajikokota, dogo kama jongoo. Taaka alizunguka huku na huku kama msichana.

"Kumbe dunia ni pana hivi, nami napalilia kipande kile tu!"

Akaketi, akahema, akamgeukia Phanuel. "Mkwe, jambo la leo lina desturi yake ya kulifuta. Niletee shuka jipya, nami nitakuchinjia kuku. Baada ya hapo hatuna neno."

"Hata mashuka mawili, mama."

Wakati wa kurudi Norah alitaka kiti cha nyuma apate kunyosha miguu. Taaka akakaa mbele, gauni limekakamaa kwa tope, kidevu juu. Walipokaribia Sikuda alimgusa mkwewe begani.

"Pole pole sasa. Hapa wananijua."